Rangi Hii Imepakwa na Nani?

BARAKA: Dada Rehema, leo tuanze na swali ambalo majibu yake mengi ni ya kubahatisha. Nimefungua faili la msimbo wa Python kwenye edita, na rangi za maneno yake zimekaa vizuri. Nitajuaje zimetoka wapi: rejeksi za zamani (ruwaza za kutafuta maandishi), Tree-sitter (kichanganuzi cha sarufi ya msimbo), au seva ya lugha (programu ya pembeni inayouelewa msimbo)?

REHEMA: Wengi watakwambia uangalie tu, eti za Tree-sitter zina rangi nyingi zaidi. Mimi sikubali. Mandhari nzuri, yaani mpangilio wa rangi wa edita, hupendezesha hata rejeksi. Iulize edita yenyewe.

BARAKA: Haya, tuko kwenye edita ya Neovim.

REHEMA: Weka kishale juu ya neno, andika `:Inspect`. Amri hiyo ipo tangu toleo la 0.9, mwaka 2023. Tuseme una funkisheni yenye parameta `jina`, na kishale kiko kwenye `jina` huko ndani, mahali inapotumika. Ukiona kichwa cha Treesitter na chini yake `@variable`, Tree-sitter iko kazini. Ukiona pia Semantic Tokens (tokeni za maana, yaani lebo ambazo seva hubandika kwenye maneno), yenye `@lsp.type.parameter`, seva nayo imetia mkono.

BARAKA: Ina maana zote mbili zinapaka neno moja?

REHEMA: Ndiyo, na hapa ndipo watu wanapopotea. Zinapandana. Tree-sitter ina kipaumbele 100, tokeni za seva 125, na penye mgongano kubwa ndiyo inayoonekana. Tree-sitter imechambua sarufi ya faili, ikakuta kigeu, basi. Seva imefuatilia jina lenyewe lilikotoka, inajua liliingia kama parameta. Kwa hiyo usiulize faili zima linatumia njia gani. Uliza neno hili moja, nani kashinda.

BARAKA: Na rejeksi?

REHEMA: Nenda kwenye `def`. Kichwa kikiwa Syntax, na chini yake `pythonStatement`, hiyo ni rejeksi. Kwa kawaida Tree-sitter ikiwashwa, syntax ya zamani, yaani rejeksi, huzimwa kwenye bafa hiyo (faili ulilofungua). Ukitaka kuhakikisha, piga `:lua vim.treesitter.stop()` kuizima Tree-sitter, kisha rudia `:Inspect` papo hapo.

BARAKA: Wa edita ya VS Code tusiwasahau.

REHEMA: Kwao ni rahisi. Fungua orodha ya amri, chagua "Developer: Inspect Editor Tokens and Scopes". Kidirisha kikionyesha "semantic token type", kuna tokeni za maana juu ya neno hilo. Kikiwa na "textmate scopes" peke yake, ni sarufi ya TextMate (sheria za kupaka rangi), ambayo msingi wake ni rejeksi.

BARAKA: Upande wa edita ya Emacs niachie mimi. Tangu toleo la 29, Tree-sitter inaweza kujengwa ndani yake, lakini `python-mode` na `python-ts-mode` ni modi (hali za kuhariri) mbili tofauti. Tatizo ni kwamba mstari wa chini unaandika "Python" kwa zote mbili! Usiuamini. Bonyeza `C-h v` (Ctrl na h, kisha v), andika `major-mode`, usome jina kamili: lenye `-ts-` ndilo la Tree-sitter.

REHEMA: Hiyo ni muhimu sana, kaka. Na mimi niongeze moja: usipime mara tu faili linapofunguka. Seva huchelewa, hasa mradi ukiwa mkubwa. Ukipiga `:Inspect` mapema utakuta Treesitter peke yake, useme seva haipaki kitu, kumbe bado inasoma mafaili. Subiri itulie, kisha upime tena neno lilelile.