Tazama kwa Macho Yako: Hamira Ikipokezana Elektroni

Asalamu alaikum watazamaji, karibuni Langoni, mjini Lamu. Leo tunaangalia jambo ambalo wanafunzi wengi wa bayolojia hulikariri bila kuliona: seli huzitoaje elektroni, yaani chembe ndogo sana zenye chaji hasi, kwenye sukari, zikazifikisha kwenye oksijeni, na kupata nguvu njiani?

Andaa hamira kavu ileile ya mahamri, sukari, maji ya uvuguvugu, chupa mbili ndogo za kioo, na methilini bluu kutoka maabara ya shule. Vaa glavu. Kanga iweke mbali, maana rangi hii ikishika nguo ni shida kuitoa.

Koroga kijiko kimoja cha hamira na nusu kijiko cha sukari katika kikombe cha maji. Tia kidole: maji yakikuchoma, yataziua seli. Ngoja povu lianze kupanda.

Sasa gawa mchanganyiko mara mbili. Nusu moja ichemshe dakika 5, kisha ipoe kabisa. Usiiruke hatua hii, ndiyo itakayotupa ushahidi. Jaza chupa moja hamira hai, nyingine iliyochemshwa, hadi karibu na shingo. Dondoshea methilini bluu, matone sawasawa, mpaka zote ziwe buluu. Vifuniko vilegeze, kwa sababu hamira hai inatoa gesi.

Sogea karibu na skrini. Kwenye hamira hai buluu inafifia, inafifia, mpaka inabaki rangi ya hamira yenyewe. Lakini tazama juu, panapogusana na hewa: pana ukanda mwembamba wa buluu. Chupa iliyochemshwa haijabadilika.

Rangi imekwenda wapi? Haijatoka chupani. Seli zinapovunja sukari, huzing'oa elektroni zake na kuzikabidhi kwa vichukuzi, hasa NAD, ambayo ikishabeba huitwa NADH. Hapa methilini bluu imezidaka elektroni hizo, nayo ikizipokea hupoteza rangi. Funga kifuniko vizuri, utikise kwa nguvu. Buluu hiyo, imerudi! Oksijeni ya hewa imezichukua elektroni. Legeza kifuniko, iache itulie, itafifia tena.

Mimi hapa ndipo ninapotaka mtu akae sana. Kichukuzi hakitumiki kikaisha, kinajazwa na kutuliwa. Ni kama punda wetu wanaopakia mawe gatini: punda mwenye shehena mgongoni hapakizwi nyingine mpaka atuliwe.

Molekuli moja ya glukosi, yaani sukari, hujaza NADH 10 na FADH2 mbili; FADH2 ni kichukuzi kingine, FAD, kikishabeba. Zote hutua mizigo kwenye utando wa ndani wa mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nguvu. Hapo elektroni hupokezanwa kutoka kichukuzi hadi kichukuzi, na nguvu inayotoka husukuma protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, upande wa pili wa utando. Protoni zikirudi, hupitia kimeng'enya kinachozunguka na kuunda ATP, molekuli inayobeba nguvu ambayo seli huitumia. Mwanabiokemia Mwingereza Peter Mitchell alieleza wazo hili mwaka 1961, wengi wakalipinga, na mwaka 1978 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Mwisho wa safari oksijeni hupokea elektroni, hujiunga na protoni, na maji hupatikana. Kwa hesabu za sasa, glukosi moja hutoa ATP kama 30 hadi 32.

Oksijeni ikikosekana, hamira huzitua elektroni kwa kutengeneza alkoholi ili NAD iwe tupu tena, na faida yake ni ATP 2 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayotufanya tuvute pumzi usiku na mchana.

Na vichukuzi vyenyewe vinatoka kwenye chakula: NAD huundwa kwa niasini, yaani vitamini B3, na FAD kwa vitamini B2. Jodari ana niasini nyingi, basi msimu wake ukifika msimwache sokoni.

Sasa rudia jaribio kwa maji ya baridi na ya uvuguvugu, upime muda wa buluu kufifia katika kila chupa. Andika majibu yako hapo chini, na utaje joto la maji uliyotumia.