Boksi la Spika kwa Amplifaya ya Gita ya Kidijitali: Lita 45, Bomba Moja

Karibuni tena, wapenzi wa gita. Leo tuko karakana hapa Kariobangi Light Industries. Hizo nyundo mnazosikia ni za majirani wanaofua mabati, nazo hazikomi mpaka jioni. Tunajenga boksi la spika ya inchi 12 kwa wale wanaopiga gita kupitia amplifaya za kidijitali: Kemper, Helix, Quad Cortex na jamaa zao.

Kwanza, kwa nini usitumie spika ya gita ya kawaida? Kwa sababu ile haina twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), na ikipita hezi 5,000 hivi sauti yake inaporomoka. Kwenye amplifaya ya valvu huo ndio utamu wenyewe. Lakini kifaa chako cha kidijitali tayari kinaiga spika hiyo, boksi lake, hata maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Ukikichomeka kwenye spika ya gita, sauti inachujwa mara mbili na inatoka imefifia. Mpiga benga ndiye anaumia zaidi, maana solo zake ziko juu kabisa kwenye shingo ya gita. Tunataka spika isiyoongeza chochote wala kupunguza chochote.

Spika yenyewe ni ya koaksia: twita imefungwa nyuma ya wufa (spika kubwa ya sauti nzito), katikati, kwa hiyo sauti nyembamba na nzito zinatoka sehemu moja. Celestion wanazitengeneza, Eminence pia. Ukienda Luthuli Avenue, mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi ya vipimo. Kama hana, ingia duka linalofuata, kwa sababu bila karatasi hiyo huwezi kujua spika inataka lita ngapi. Hii yangu inakaa vizuri kwenye lita 45, na bomba, yaani tundu la boksi linaloongezea sauti nzito, likilenga hezi 55. E ya chini ya gita ni hezi 82, basi nafasi ipo. Wa gita la besi msinifuate leo; E yenu ni hezi 41 na boksi lenu ni jingine.

Mbao ni plaiwudi ya milimita 18. Chipubodi siitaki. Ikinyeshewa mara moja kwenye pikapu inavimba, na skrubu zinaanza kucheza. Angalia ukingo wa plaiwudi kabla ya kulipa: ukiona matundu kati ya matabaka, iache hapo hapo.

Vipimo kwa sentimita: mbele na nyuma 40 kwa 45, mbavu 31.6 kwa 45, juu na chini 31.6 kwa 43.6. Mbele na nyuma zinaingia katikati ya zile nne, kwa hiyo ndani unapata lita 50 na kidogo. Spika, bomba na kiunzi vinakula kama 5. Kukata mstari ulionyooka mnajua, twende mbele.

Sasa shimo. Tulieni hapa. Spika ya inchi 12 haikatiwi shimo la inchi 12! Fremu yake ina upana wa sentimita 31 hivi, na ni lazima ilale juu ya ubao. Shimo la hii ni 28. Yako inaweza kutofautiana, kwa hiyo soma karatasi, halafu pima spika iliyo mkononi mwako. Jambo la pili: ile 28 ni upana wa shimo zima. Kwenye bikari unaweka nusu, yaani 14. Nusu! Nimeona mbao nzuri sana zikigeuzwa kuni kwa sababu ya bikari.

Toboa tundu ndani ya mstari, ingiza msumeno mdogo wa umeme, kata polepo... Ngoja. Sogeza kamera huku. Mnaona ubao unavyotingishika? Klampu ya kushoto imelegea. Zima msumeno kwanza, blade isimame, ndipo uguse klampu. Kaza. Haya. Tunaendelea, na bado tuko ndani ya mstari. Kilichobaki kitaondolewa na msasa. Kilichokatwa zaidi hakirudi.

Bomba ni PVC ya maji taka, ya inchi 4. Upana wake wa ndani ni kama sentimita 10, na kwa lita 45 na hezi 55 urefu unatoka sentimita 10 pia, ukihesabu unene wa ubao. Likizidi urefu, hezi zinashuka. Liweke kona ya chini, mbali na spika.

Gundi, skrubu, kiunzi kimoja cha kukaza boksi kutoka ubavu hadi ubavu, silikoni kwenye kila kiungo. Usiionee uchoyo silikoni, maana upenyo mdogo tu unapiga mluzi. Kuta za ndani zivalishe sufi ya kujazia mito, lakini mdomo wa bomba uache wazi.

Krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, tumia ile aliyopendekeza mtengenezaji wa spika. Twita ina sauti kubwa kuliko wufa, kwa hiyo lazima kuwe na rezista za kuishusha, na kapasita ya kuizuilia besi. Kujua chanya ya wufa, gusisha betri ya volti 1.5: koni ikitoka nje, upande wa spika ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya. Twita usiiguse na betri.

Funga spika. Boksi hili halina amplifaya ndani, kwa hiyo tafuta ya nje inayokubali omu 8. Kwenye kifaa chako, acha uigaji wa spika ukiwa umewashwa. Watu wengi huuzima kwa mazoea. Jaribu nje, mbali na ukuta, boksi likiwa juu ya kiti, kwa sauti inayopanda kutoka hezi 60 hadi 15,000. Pitisha kiganja kwenye viungo. Ukihisi upepo mahali popote isipokuwa kwenye bomba, rudi na silikoni.

Mbao zilizokatwa tayari nauza, zikiwa na shimo au bila shimo. Ukitaka zenye shimo, niandikie hapo chini jina kamili la spika yako na upana wa shimo kwa milimita.