Jasho Usiloliona: Kimbia Nami Dodoma, Dakika 50, Hatua kwa Hatua

Habari za alfajiri, mtazamaji, na karibu. Ni saa 11 na dakika 10, niko sebuleni kwangu hapa Kisasa, Dodoma. Nazungumza chini chini kwa sababu watoto bado wamelala. Leo sitakueleza nikiwa nimekaa kwenye kiti. Natoka kukimbia dakika 50, jirani yangu atanifuata na baiskeli huku simu ikirekodi, na kila hatua utaiona pale inapofanyika. Video hii ni ya wewe unayekimbia kwa afya na kwa raha yako, huna habari na medali.

Tuanzie hapa chini. Unaiona? Mizani. Kabla hujafikiria raba wala njia, nenda chooni, kisha panda kwenye mizani ukiwa peku na nguo nyepesi, uandike. Mimi leo nina kilo 68.4. Ishike namba hiyo kichwani, tutaihitaji tukirudi. Kama nyumbani huna mizani, tumia ya rafiki au ya zahanati iliyo karibu, mradi kabla na baada upime kwenye mizani ileile.

Najua wengi mnajiuliza mizani ya nini kwa mtu anayetafuta maji. Nilihamia Dodoma nikitokea Dar es Salaam. Kule pwani, ukikimbia dakika 10 tu fulana inakamulika, jasho linakuingia machoni, kwa hiyo kiu unaiheshimu. Wiki yangu ya kwanza hapa, mwezi wa 10 kama huu, nikatoka saa 2 asubuhi. Nikakimbia karibu saa nzima, fulana kavu kabisa, nikajisemea leo mwili uko vizuri, hata jasho sitoi. Nikiwa nimebakiza kama kilomita 2 kufika nyumbani kichwa kikaanza kugonga, miguu ikalegea, macho yakaingia giza. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo akanikalisha chini ya mwarobaini wake, akanipa maji kidogo kidogo. Nilipovua kofia nikakuta ukingo wake umejichora mstari mweupe wa chumvi. Jasho nilikuwa nalitoa muda wote! Hewa ya huku ni kavu na upepo haulali, linakauka kabla hujaliona. Tangu siku ile siamini fulana, naamini mizani.

Haya, maji. Asubuhi hii nimekunywa glasi moja tu, polepole, kabla ya kupanda mizani. Kazi kubwa ya maji nilishaifanya jana kutwa. Mtu aliyeshinda mkavu ofisini hawezi kujirekebisha kwa chupa ya lita moja na nusu saa 11 alfajiri. Yatamsukasuka tumboni na kumtafutisha choo njiani. Kipimo chako cha kila siku ni mkojo. Ukiwa na rangi ya maji yenye limau kidogo, uko salama. Ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa. Na kwa wageni wa mji huu ambao maji yetu ya bomba hamyawezi kwa ile ladha ya chumvichumvi: yachemsheni, yaacheni yapoe kwenye mtungi, tieni kipande cha limau. Nimeona watu wanapunguza kunywa maji kwa sababu ya ladha tu, halafu wanashangaa kichwa kinauma kila jioni.

Kwenye mavazi sitakaa sana. Fulana nyepesi ya rangi ya mwanga, kofia, soksi zisizo na mshono unaokwaruza. Raba iwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, maana mguu huvimba kidogo ukikimbia. Geuza soli uiangalie, kama hivi, kwa sababu mbigili za huku hupenya na kukaa humo zikisubiri siku yako. Juu ya fulana navaa hiki kizibao cha kung'aa. Taa ya gari ikikipiga, dereva ananiona kutoka mbali.

Mfukoni: simu, kikaratasi chenye jina langu na namba ya mume wangu, na noti ya elfu 5 ya bodaboda endapo nitashindwa kurudi kwa miguu. Mume wangu anajua napita wapi na narudi saa ngapi. Dada zangu, hili nalisema kwa uzito: gizani sitoki peke yangu. Jirani yangu asipoweza kuja, nasubiri kupambazuke, hata kama nitafupisha mbio. Njia na saa yangu sizitangazi mtandaoni kabla sijatoka, na hii video unayoitazama naiweka nikiwa tayari nyumbani.

Sasa tuko nje, saa 11 na nusu. Dakika 5 za kwanza natembea kwa haraka. Huku ndiko kupasha mwili moto, hakuna uchawi mwingine.

Tumefika lami. Tazama nakaa upande gani. Tanzania magari yanapita kushoto, kwa hiyo mkimbiaji akae kulia, ayakabili yanayokuja. Ukikimbia kushoto, gari linakujia mgongoni na maisha yako umemkabidhi mtu usiyemjua. Penye kona kali nahamia upande ambao naonekana, nikishapita narudi. Masikioni sina kitu. Alfajiri hii kuna bodaboda zinazotembea bila taa, na njia pekee ya kuzijua ni kuzisikia.

Yule mbwa pale, unamwona? Nimeacha kukimbia. Natembea, simtazami machoni, simpi mgongo, najisogeza taratibu hadi nitoke kwenye eneo analolinda. Ukikimbia, umemwambia akufukuze. Na akikuuma mbwa yeyote, hata awe wa jirani unayemfahamu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ila chanjo ikiwahi, inazuia.

Sasa mwendo. Hapa ndipo wengi wanapopoteza hamu ya kukimbia bila kujua. Unakumbuka mchakamchaka shuleni? Mmoja anaimba, wengine mnaitikia, mnakimbia mistari miwili asubuhi kabla ya kuingia darasani. Wale waliotutungia utaratibu ule walitupa kipimo cha mwendo kilicho bora kuliko saa nyingi za mkononi. Kama unaweza kuitikia wimbo, mwendo ni wako. Pumzi ikikukata katikati ya kiitikio, umezidisha, punguza. Sikiliza ninavyoongea na wewe sasa hivi: napumua kwa nguvu, lakini sentensi inafika mwisho. Hapo ndipo ninapotaka ubaki kwa karibu mbio zako zote za wiki. Kama wewe ni mgeni wa kukimbia, hata mwendo huu unaweza kuwa mzito, basi kimbia dakika 2, tembea dakika 1, rudia. Si aibu. Na ukiwa umetoka pwani, jipe wiki chache. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, pumzi itakuwa fupi kidogo mwanzoni. Mwenye presha, kisukari, tatizo la moyo au mjamzito aongee na daktari kwanza, ndipo aanze.

Na ukiona mwendo wa pole ni wa watu dhaifu, nikukumbushe mtoto wa Singida, jirani zetu hapa, Alphonce Simbu. Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia, alikaa ndani ya kundi kilomita baada ya kilomita bila papara, kwenye joto na unyevu. Mbio zikaamuliwa uwanjani. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, picha ya mstari wa kumalizia ndiyo ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nilipoiona nililia, sitaficha. Mtu wa ukanda huu huu wa vumbi, ameitunza nguvu yake hadi pale ilipohitajika.

Tunapanda sasa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma. Mlima huu natembea nusu yake, na mapafu yangu yananishukuru. Sikia upepo unavyovuma kwenye simu. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, ndiyo maana nimeanza kwa kuukabili nikiwa na nguvu. Nikigeuza, utanisukuma nyumbani. Lakini kuna mtego. Upepo ukiwa mgongoni unakwenda karibu sawa na wewe, hewa haikupitii mwilini, na ghafla unahisi joto ambalo dakika moja nyuma hukuwa nalo. Kwa hiyo nakunywa hapa, kabla ya kugeuza. Chupa hii ina mililita 300. Nabugia kidogo, nameza, hatua chache, tena kidogo.

Kwa mbio za chini ya saa moja alfajiri ya kipupwe, mwezi wa 6 au wa 7, wengi mnaweza kutoka bila chupa mkirudi mkanywa. Mwezi wa 10 na wa 11, mimi nabeba hata kwa nusu saa. Ukizidisha saa moja, beba angalau nusu lita, au pita mahali penye duka.

Wakati tunageuza, nimtumie jirani yangu kwa jambo la maana. Mwenzako akianza kuyumba, akijibu maneno yasiyoeleweka, ngozi yake ikiwaka moto, usimwambie jikaze tumekaribia. Huo ni mwili ulioshindwa kupoa, na unaua. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote ulicho nacho, piga 112 au simamisha gari lolote. Anza kumpoza hapohapo, usisubiri mpaka afike hospitali. Kama amechanganyikiwa usimlazimishe kunywa, maji yanaweza kuingia njia ya hewa.

Saa 12 na robo. Jua ndilo hilo linatoka nyuma yetu. Ndiyo sababu ya kuamka mapema: ningetoka saa 2 mngeniona natafuta kivuli, na vivuli huku ni vya kuhesabu. Ikifika masika yetu, kuanzia mwezi wa 12, utapata ubaridi, lakini korongo lililokuwa mchanga mtupu jana linaweza kujaa maji yanayobeba mtu leo. Ukilikuta linatiririka, geuza.

Tumefika nyumbani. Dakika 5 za mwisho nimetembea. Nimejifuta jasho, nimevua raba, napanda mizani. Kilo 67.8. Twende hesabu: nimepungua gramu 600, na njiani nimekunywa mililita 300. Kilo moja ya uzito uliopotea ni kama lita moja ya jasho. Jumla nimetoa karibu mililita 900 kwa dakika 50, na fulana hii hapa, iguse jirani, imelowa mgongoni tu, tena tangu tulipogeuza.

Jaribu usipungue zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako. Kwangu hiyo ni kama kilo 1.4. Ukivuka hapo, safari ijayo kunywa zaidi njiani. Na sikiliza upande wa pili, maana hausemwi vya kutosha: ukirudi na uzito mkubwa kuliko ulioondoka nao, umekunywa kupita kiasi. Kwenye mbio ndefu za saa nyingi, maji matupu yakizidi huipunguza chumvi ya damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, mtu anachanganyikiwa, na wenzake wakidhani ana kiu wanamwongezea maji. Kiu ikuongoze, mizani ikusahihishe.

Sasa narudisha nilichopoteza taratibu ndani ya saa moja mbili: maji, uji wa uwele wenye chumvi kidogo, na hizi zabibu za huku kwetu. Siku za mbio ndefu natengeneza juisi ya ubuyu, natia sukari na chumvi kidogo sana.

Kabla sijazima kamera, njoo jikoni. Kalenda hii ukutani. Kila nikikimbia mwanangu mdogo ndiye anayechora duara, na asubuhi nikichelewa ananiuliza, "Mama, leo hakuna duara?" Siku ambayo sitaki kabisa kutoka, najipa ruhusa moja: navaa raba, natoka dakika 10, nikitaka kurudi narudi. Nimewahi kurudi mara chache mno. Lakini kilichonivusha mwaka mzima ni huyu jirani anayesimama getini saa 11 na nusu. Kuzima kengele ya simu ni rahisi. Kumwacha mtu amesimama gizani na baiskeli yake, hapana. Tafuta wa kwako leo, mwandikie ujumbe kabla hujalala, mpatane siku 3 kwa wiki, siku nyingine mpumzike.

Amka sasa, mwanangu, njoo uchore.