Guta la Umeme la Kupita Kwenye Theluji

Haya, karibuni gereji kwangu hapa Minneapolis. Mniwie radhi kwa koti na kofia; nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri na humu hakuna hita. Mliozoea guta la Dar linalobeba kreti za soda, leo tunaunda mdogo wake: baiskeli ya matairi matatu, yenye mota. Ya mawili imeshanibwaga kwenye barafu mara mbili, na kiuno hakijasahau.

Anza na uma wa mbele, huu unaoshika gurudumu. Weka sumaku. Ikinata ni chuma, endelea. Isiponata ni aluminiamu, usifunge mota hapo, itaupasua.

Mota yenyewe ni ya wati 500, imekaa katikati ya gurudumu, spoku na rimu tayari. Sheria ya hapa Minnesota inaishia wati 750, na pedali lazima zifanye kazi. Ingiza ekseli, kisha tazameni hiki kipande cha chuma chenye tundu bapa. Kazi yake ni kuzuia ekseli isijizungushe. Mwaka wa kwanza nilikiona pambo, nikakiacha mezani. Nilipokoleza moto kwenye mlima, ekseli ikazunguka yenyewe, ikasokota waya zote kama ukili. Mota kwaheri. Funga viwili, kulia na kushoto.

Waya: tatu nene, tano nyembamba, rangi kwa rangi. Ziache zining'inie kidogo kabla hazijapanda kwenye kontrola, kisanduku kinachoongoza mota, maji ya theluji yadondokee hapo. Soketi zipake grisi ya silikoni, maana chumvi wanayomwaga barabarani inakula shaba. Fyuzi ya ampea 30 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Usiniambie utaiweka kesho.

Sasa inua gurudumu, washa, gusa ekseleta taratibu. Likinguruma na kutetemeka bila kuzunguka, umekosea rangi; zima upesi. Likizunguka vizuri, vaa tairi za misumari, zenye vijino vya chuma vya kung'ata barafu, zote tatu.

Tuje kwenye betri, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Hii ni ya lithiamu, volti 48; ikijaa inasoma 54.6. Kiangazi inanifikisha kilomita 40, siku kama ya leo 25. Hilo si tatizo, ikipata joto inarudi. Tatizo ni kuichaji ikiwa chini ya sifuri. Lithiamu inashindwa kuingia ndani ya seli, inaganda juu kama utando wa chuma, na utando huo haurudi nyuma. Siku moja unaweza kuleta shoti humo humo ndani. Kwa hiyo yangu hailali gereji. Njiani inavaa mfuko wa sponji niliyokata kwenye godoro kuukuu, nikifika naipandisha ngazi hadi jikoni, naiacha saa tatu nzima. Ganda likiwa bado kama chupa iliyotoka friji, chaja haiguswi. Na usiichaji kwenye mlango wa kutokea; ikishika moto, utapita wapi?

Haya, tunatoka. Kwenye kona nenda mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu hili halilali kama baiskeli, linapinduka. Egemea upande wa ndani. Tunapita Midtown Greenway, njia ya baiskeli ya hapa mjini, theluji imeshazolewa tangu asubuhi. Kamera naivalisha soksi, nayo betri yake haipendi baridi.