Daftari la Karafuu

Assalaam alaykum, walimu wenzangu.

Nimekuja na daftari moja tu. Historia nimeisomesha hapa Pemba tangu nywele zangu nyeusi. Miaka ya mwanzo nilikuwa naandika ubaoni kengele mpaka kengele, watoto wakinakili, nami nikiamini huo ndio ualimu.

Msimu mmoja wa karafuu, kijana wa kidato cha pili alikosa skuli siku nne. Aliporudi nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamuuliza: tufani ya 1872 ilileta athari gani? Akanyamaza. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yananiuma. Kumbe siku zote nne alikuwa juu ya mikarafuu ya babu yake, anachuma. Jibu lilikuwa mikononi mwake.

Maana tufani ile iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu hauzai mwaka uliopandwa, unataka miaka. Unguja walipokuwa wakingojea miche ikue, karafuu zilikuwa huku, na huku ndiko zilikobakia nyingi. Vipi mtoto wa Wete tumsomeshe haya kama khabari za nchi ya mbali?

Tangu hapo naanza somo kwa kuwatuma majumbani. Wazee wakikaa jamvini kuchambua makonyo, yaani kutenga karafuu na vikonyo vyake, nawe kaa, chambua, uliza: mti huu kaupanda nani? Bibi mmoja alisema tufani aliiona mama yake. Tukahesabu miaka darasani, tukakuta haiwezekani. Labda ni bibi wa bibi yake. Siku ile walijifunza kupima ushahidi bila ya kumvunjia mzee heshima.

Kisha ndipo tunafungua kitabu. Tukifika 1897, utumwa ulipofutwa kisheria Visiwani, mtoto ameshajiuliza karafuu za mwanzo zilichumwa na mikono ya nani. Wapo wazee ambao swali hilo huwanyamazisha. Nakuombeni sana, msiwaache watoto wawashurutishe. Waandike tu: hapa babu alinyamaza.

Kijana yule nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, nikamwomba atuandikie ya shambani kwao. Daftari lenyewe ndilo hili. Ukurasa wa kwanza ameitaja miti ya babu yake, mmoja mmoja, na aliyeupanda kila mmoja. Nalipitisha sasa. Lishikeni taratibu, karatasi zake zimechakaa.