Garden: ukumbi uliokikuza kikapu cha vyuo

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu makocha, na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie historia ya kikapu cha vyuo vya Marekani. Nimeamua kuisimulia kupitia jengo moja, Madison Square Garden la New York. Wengi wenu mnalijua kama nyumbani kwa Knicks, timu ya kulipwa ya NBA. Lakini Knicks ilizaliwa mwaka 1946, na kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo waliokuwa wakiujaza ukumbi ule walikuwa wanafunzi. Nataka niwaoneshe jinsi ukumbi ulivyoubadilisha mchezo wenyewe. Ukumbi ulitaka watu. Watu walileta pesa. Pesa zikaleta ubora na zikaleta uchafu, na vyote viwili vilipita mlango uleule. Rekodi zote nitakazozitaja leo zinaeleweka vizuri zaidi ukilijua hilo.

Majengo yenye jina hilo yamekuwa manne. Mawili ya mwanzo yalikuwa kando ya uwanja wa Madison, ndiko jina lilikotoka. La tatu lilifunguliwa 1925 kule Barabara ya Nane, na hili la sasa lilifunguliwa Februari 1968 juu ya stesheni ya treni ya Penn. Hadithi kubwa ya vyuo ni ya jengo la tatu.

Miaka ya thelathini mwanzoni, vyuo vya New York vilicheza kwenye vijumba vyao vya mazoezi. Watu mia kadhaa wanaingia, wengine wanabaki nje. Mwaka 1931, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, meya wa jiji, Jimmy Walker, aliandaa mechi za vyuo Garden ili kuchangia wasio na kazi, na ukumbi ukajaa. Kijana mmoja mwandishi wa michezo, Ned Irish, akaliona hilo na akalifanyia hesabu. Tarehe 29 Desemba 1934 akapanga mechi mbili kwa tiketi moja: Westminster kutoka Pennsylvania wakawafunga St. John's 37 kwa 33, halafu Chuo Kikuu cha New York wakawafunga Notre Dame 25 kwa 18. Walikuja watu zaidi ya elfu kumi na sita.

Pointi 25 kwa 18. Vijana mnacheka, na mna haki, leo hiyo ni robo moja tu. Lakini angalieni kilichofuata. Irish alihitaji timu ngeni za kuwavutia watu wa New York, kwa hiyo akaanza kuzialika kutoka mbali, na timu za mbali zilikuja na mchezo wao. Wenyeji walikuwa wakitupa kwa mikono miwili, miguu yote imekanyaga sakafu, na makocha wao waliamini hakuna njia nyingine iliyo halali kiufundi. Tarehe 30 Desemba 1936 wakaja Stanford kutoka California, wana kijana anaitwa Hank Luisetti, anatupa kwa mkono mmoja huku yuko kwenye mwendo. Waliwakuta wenyeji, chuo cha Long Island, wamecheza mechi 43 mfululizo bila kufungwa. Wakawafunga 45 kwa 31. Luisetti peke yake alipata 15, na watu wa New York, ambao timu ya nyumbani ndiyo ilikuwa inachapwa, walimshangilia mgeni.

Hapo ndipo ninapowaomba makocha mtulie kidogo. Mtupo wa mkono mmoja ulikuwapo kwingine kabla ya usiku ule. Ulikosa mashahidi. Ulipotupwa mbele ya maelfu kwa maelfu, na meza nzima ya waandishi wa jiji lenye magazeti mengi kuliko yote, watoto wa nchi nzima wakaanza kuuiga. Miaka saba baadaye, 1943, Kenny Sailors wa Wyoming akaja Garden na mtupo wa kuruka, Wyoming wakaifunga Georgetown 46 kwa 34 kwenye fainali ya taifa, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mnaporuka na kutupa pale uwanjani jioni, mnafanya jambo lililopata umaarufu wake kwenye sakafu ile.

Mashindano ya NIT, yaani ya mwaliko ya vyuo, yalianzia hapo 1938. Temple waliwafunga Colorado 60 kwa 36 kwenye fainali ya kwanza. Yale ya NCAA, chama cha michezo cha vyuo, ndiyo ya kumpata bingwa wa taifa, yalianza mwaka uliofuata, 1939, na miaka ya mwanzo NIT ndiyo iliyokuwa na heshima zaidi, kwa sababu moja tu kubwa: ilichezwa Garden. NCAA nao wakahamishia fainali yao pale, kuanzia 1943 hadi 1948, kisha 1950. Fainali saba katika ukumbi mmoja.

Katika hizo, ninayoipenda kuliko zote ni ya 1944. Utah walikuja kucheza NIT, wakafungwa na Kentucky mechi ya kwanza, wakawa wanafungasha. Kumbe Arkansas, waliokuwa waende NCAA, walikuwa wamejitoa baada ya wachezaji wao kupata ajali ya gari. Utah wakaitwa kuchukua nafasi. Wakapanda treni hadi Kansas City, wakashinda, wakarudi Garden na kuifunga Dartmouth 42 kwa 40 katika muda wa nyongeza. Katika timu ile alikuwamo Wat Misaka, Mmarekani mwenye asili ya Japani, mwaka ambao maelfu ya watu wa asili yake walikuwa wamefungiwa makambini na serikali yao wenyewe. Ukumbi ulimpenda. Alirudi 1947, Utah wakawafunga Kentucky 49 kwa 45 kwenye fainali ya NIT, na yeye akamkaba Ralph Beard, nyota wa Kentucky, mpaka Beard akaambulia pointi moja. Mwaka uleule Knicks wakamsajili. Alicheza mechi tatu tu, lakini ndiye mchezaji wa kwanza asiye Mzungu katika ligi ile ambayo leo tunaiita NBA.

Sasa tuje 1950, na hapa sitaharakisha.

City College ya New York ilikuwa chuo cha umma kule Harlem ambacho wanafunzi hawakulipa ada. Waliosoma pale walikuwa watoto wa mafundi cherehani, wauza matunda, wahamiaji. Timu ya kocha Nat Holman ilikuwa na vijana Wayahudi na vijana Weusi, Ed Roman, Irwin Dambrot, Ed Warner, Floyd Layne, wote watoto wa jiji lilelile. Kwenye NIT walipangwa na Kentucky ya kocha Adolph Rupp, mabingwa wa taifa, timu ya Wazungu watupu. City walishinda 89 kwa 50. Siku zile tofauti ya pointi 39 dhidi ya Kentucky lilikuwa jambo la kusomwa mara mbili gazetini. Wakafika fainali, wakawafunga chuo cha Bradley 69 kwa 61. Siku chache baadaye, fainali ya NCAA, ukumbi uleule, wapinzani walewale. City wanaongoza 69 kwa 68, zimebaki sekunde. Gene Melchiorre wa Bradley ananyakua mpira, anakwenda kikapuni. Dambrot anamzuia, anaudaka mpira, anautupa mbele kwa Norm Mager, na Mager anafunga. 71 kwa 68.

Hakuna timu nyingine iliyowahi kuchukua vikombe vyote viwili mwaka mmoja. Na haitatokea tena, kwa kuwa kanuni za leo haziruhusu timu moja kuingia kote kuwili.

Chini ya rekodi hiyo palikuwa na kitu kinaoza. Nitaeleza taratibu, maana kamari za michezo sasa ziko kwenye simu za kila mmoja wetu humu ndani. Timu kali ikicheza na dhaifu, hakuna wa kuweka dau kwa dhaifu. Wachezesha kamari wakatafuta njia: badala ya kuuliza nani atashinda, wakauliza atashinda kwa ngapi. Tuseme City wanatabiriwa kushinda kwa pointi 8. Mtu aliyeweka dau kwa wapinzani anapata pesa hata City wakishinda, mradi washinde kwa chini ya 8. Basi anamfuata mchezaji wa City, mwanafunzi asiye na senti, na kumwambia: sikuombi ufungwe, shinda kwa tano tu. Pasi moja ipotee, ukabaji ulegee kidogo. Mtego ulikuwa hapo hasa, maana kijana aliweza kujiambia kwamba hajaisaliti timu, mbona wameshinda?

Januari 1951 mtu alimfuata Junius Kellogg wa chuo cha Manhattan, mchezaji wa kwanza Mweusi katika timu ile, na kumwahidi dola 1,000. Kellogg alikuwa maskini kama wenzake. Alikwenda moja kwa moja kwa kocha wake, kocha akaenda kwa mamlaka, na kijana yule akakubali kuwasaidia polisi kuwanasa watoa hongo. Mwezi uliofuata City walikuwa wanarudi kwa treni kutoka Philadelphia, wametoka kuwafunga Temple, na polisi wakawakuta kituo cha Penn. Uchunguzi wa mwendesha mashtaka Frank Hogan ulipokamilika, wachezaji 32 wa vyuo saba walikuwa wametajwa. Walikuwamo wa City, wa Bradley, na wa Kentucky pia, akiwamo Ralph Beard. Melchiorre, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 1951 katika usajili wa NBA, ambako timu huchagua wachezaji kwa zamu, hakuwahi kucheza hata dakika moja katika ligi ile.

Mimi nasema waliolipa gharama kubwa ni vijana, na waliojaza ukumbi na kuhesabu tiketi walilipa kidogo sana. Kellogg aliumia kwenye ajali ya gari 1954 na kupooza. Akaendelea na kikapu kama kocha wa timu ya viti vya magurudumu. Jina lake linastahili kufundishwa kwenye kila kambi ya vijana, kabla hata ya majina ya wafungaji.

Fainali ya NCAA haijarudi Garden tangu 1950.

Lakini ukumbi haukufa. Januari 1958 Oscar Robertson wa Cincinnati, akiwa mwaka wake wa kwanza katika timu ya wakubwa, alifunga pointi 56 pale dhidi ya Seton Hall. Timu nzima ya Seton Hall ilifunga 54. Rudini kuzitazama hizo namba mkifika nyumbani. Desemba 1964 Bill Bradley wa Princeton alifunga 41 dhidi ya Michigan, timu iliyokuwa bora kuliko yote nchini, akatolewa kwa faulo ya tano huku Princeton wakiongoza kwa 12. Bila yeye, wakafungwa 80 kwa 78. Tofauti aliyoiacha na tofauti iliyopatikana ndiyo kipimo chake, na hakuna safu ya takwimu inayoonesha jambo hilo.

Tangu 1983 mashindano ya Big East, ligi ya vyuo, yanachezwa pale kila Machi, na Georgetown ya John Thompson ilikuwa mwenyeji wa kudumu wa sakafu ile. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwamo kwenye kikosi kilichochukua kombe hilo 1989.

Na sasa wa kwetu. Machi 2009, robo fainali ya Big East, Connecticut na Syracuse. Katikati ya Connecticut yuko Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15. Dakika 40 zinaisha 71 kwa 71. Eric Devendorf wa Syracuse anatupa pointi tatu, mpira unaingia, anaruka juu ya meza ya waandika matokeo akishangilia. Waamuzi wanatazama picha: honi ililia mpira ungali kwenye ncha za vidole vyake. Kikapu kikafutwa. Ikawa 81 sare, 87 sare, 98 sare, 104 sare, 110 sare. Katika vipindi vitano hivyo vya nyongeza Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja. Wachezaji walitolewa kwa faulo mmoja baada ya mwingine, Hasheem akiwamo. Kipindi cha sita Andy Rautins akafungua kwa pointi tatu, na Connecticut hawakuwa tena na mtu mrefu wa kuziba njia ya kikapuni. Ikaisha 127 kwa 117, saa saba na dakika ishirini na mbili usiku, na Jonny Flynn wa Syracuse alikuwa amecheza dakika 67 kati ya 70.

Kuna mtu ataniuliza, kwa hiyo nijibu kabisa: si mechi ndefu kuliko zote. Desemba 1981, kule Peoria, Cincinnati na Bradley walikwenda nyongeza saba. Lakini ile iliisha 75 kwa 73, kwa sababu hapakuwa na saa ya kuilazimisha timu itupe. Mtu aliweza kuushika mpira kipindi kizima cha nyongeza akisubiri mtupo mmoja. Mwaka 2009 saa ya sekunde 35 ilikuwapo, kwa hiyo miguu haikupata pa kupumzikia. Jumla ya pointi 148 kule, 244 huku. Mkiniuliza ipi ilikuwa ngumu zaidi, nitawajibu bila kusita kwamba ni ile ya Garden.

Siku iliyofuata Syracuse walirudi sakafuni, wakacheza tena muda wa nyongeza na kuwafunga West Virginia, kisha wakaishiwa nguvu kwenye fainali mbele ya Louisville. Connecticut walipumzika, wakafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, na mwezi Juni Hasheem akachaguliwa wa pili katika usajili wote wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Karibuni kwa maswali. Tuanze na vijana wa nyuma.