KV si nguvu

Jambo hili nimelisema mara nyingi na bado naona halijaingia, kwa hiyo leo nalisema tena, polepole. Nazungumzia mota za haya magari yetu madogo ya rimoti. Jana tu kijana kaniuliza, "Mzee, mota ya KV ngapi ndiyo ina nguvu?" Swali lenyewe limekaa vibaya, na ndilo linalowamalizia watu hela.

KV, ile namba inayoandikwa kwenye mota, ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikizunguka bure, haina mzigo. Basi. Mota ya KV 2,000 kwenye betri ya seli nne, volti 14.8, inazunguka mara 29,600. Ya KV 4,000 kwenye seli mbili, volti 7.4, inazunguka 29,600 zilezile. Umeambiwa kasi. Kuhusu kuvuta hujaambiwa neno.

Kuna kijana mwenye gari la 1/10, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli, lile la umbo la pikapu. Mota yake ilikuwa 3660, yaani kopo la kipenyo cha milimita 36 na urefu wa 60, KV 3,800, betri ya seli tatu, pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 13. Kwenye nyasi ikawa inachemka. Wenzake wakamwambia KV kubwa haina nguvu, tafuta ndogo. Akanunua 3660 nyingine, KV 2,600. Gari likapoa, akafurahi. Lakini mbio zikapungua, akawa anapitwa kila kona, hivyo akafunga pinioni ya meno 19 azirudishe.

Pigeni hesabu pamoja nami. 3,800 mara 13 ni 49,400. 2,600 mara 19 ni 49,400. Mbio zilezile kabisa! Jumamosi ile, betri ya pili haijaisha, harufu ya vanishi ya waya iliyoungua ilinifikia kabla ya moshi. Nilipoigusa ile mota, kidole hakikukaa hata sekunde moja.

Kwa nini iliungua? Pinioni ya meno 19 inailazimisha mota ikaze karibu mara moja na nusu kuliko ya 13, ili tairi zisukume ardhi kwa nguvu ileile. Na joto la kwenye waya hupanda kwa mraba. Moja na nusu mara moja na nusu: umeshapita maradufu. Alinunua mota mpya ili aongeze joto mara mbili ndani ya kopo la ukubwa uleule.

Najua kuna fundi hapa anataka kuniambia kwamba mota ya KV ndogo, kwa kila ampea moja, inazungusha kwa nguvu zaidi. Ni kweli kabisa. Lakini nguvu hiyo imetoka wapi? Ili KV ishuke, aliyewaindi amezungusha waya mara nyingi zaidi, na ili zienee kwenye nafasi ileile ametumia waya mwembamba. Waya mrefu na mwembamba una ukinzani mkubwa. Ukishusha KV kwa nusu, ampea unazohitaji zinashuka kwa nusu, lakini ukinzani unapanda mara nne. Nusu ya nusu ni robo, na robo mara nne ni moja. Joto la kwenye waya wa mota halijabadilika hata kidogo. Faida ya KV ndogo na volti nyingi iko nje ya mota: kwenye nyaya, kwenye plagi, kwenye betri, kwenye kontrola inayoipimia mota umeme. Huko ampea zikipungua kila kitu kinapumua. Ni faida kubwa na mimi mwenyewe naitafuta, ila msiiite nguvu ya mota.

Na mbona gari lilipoa mwanzoni? Kwa sababu lilipunguza mwendo! Angeshusha pinioni ya zamani kutoka meno 13 hadi 9, angepata mwendo uleule uliopungua, na waya zingepoa zaidi, kwa bei ya kipande kimoja cha chuma.

Kitu kingine kuhusu ile mota iliyochemka. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu karibu na nyuzi 80, na ukigusa kopo kwa nje jua ndani kuna joto zaidi. Sumaku ikidhoofika, KV inapanda. Ndiyo maana mota iliyopikwa ukiijaribu mkononi inalia juu kuliko ilipokuwa mpya, mtu anasema imefunguka, halafu kwenye tope haivuti. Msinunue mota iliyotumika kwa kusikiliza mlio wake.

Kwa hiyo mkilinganisha mota mbili, anzeni na kopo. Shaba, chuma na sumaku, ndivyo vinavyovuta. Gari la 1/8 linalobeba mota ya 4274, KV 2,200 kwenye seli nne, linazungusha kama 32,500, na linaweza kwa sababu kopo lina nafasi, milimita 42 kwa 74. Chukua KV hiyohiyo kwenye 3660, ifunge kwenye gari hilohilo, itakufa.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka. Sensa, yaani kihisi cha ndani ya mota: mota isiyo na sensa inategemea umeme inaouzalisha yenyewe ikizunguka ili kontrola ijue rota, ile sehemu inayozunguka, iko wapi. Ikiwa imesimama umeme huo haupo, ndiyo maana inasitasita kuondoka. Kwa mbio si tatizo kubwa, kwa gari la kupanda mawe nunueni yenye sensa, msibishane. Mota za mashindano zinazoandikwa 17.5 au 13.5, hiyo ni idadi ya mizunguko ya waya, na namba ikishuka kasi inapanda. Habari ya nguzo mbili na nguzo nne za sumaku ilihitaji ubao, tuiache.

Aliyekuja na gari avue bodi alilete hapa mezani. Nina kipima joto na pinioni za meno 11 hadi 15. Tuanze na lile jekundu, maana tangu limeingia nasikia mota yake inalia juu mno.